Njia Mbili Zilimshinda Fisi, Lakini Mimi Si Fisi

Muhula wa kwanza mwaka huu niliambiwa methali moja mara tatu katika juma moja. Wa kwanza kuniambia alikuwa mzee wa kanisa letu. Wa pili alikuwa mwenzangu wa chama cha uigizaji, na alisema kwa hasira. Wa tatu alikuwa mama yangu mzazi, tena yeye aliisema huku akichambua sukumawiki, bila hata kuniangalia. Njia mbili zilimshinda fisi. Kila mmoja alikuwa na maana yake, lakini ukiziweka pamoja zote zilikuwa neno moja tu: chagua kanisa au chagua jukwaa, kwa sababu huwezi kushika vyote viwili.

Mimi nakataa. Sikatai kwa kiburi, kwa maana niliyoyafanya mwaka huu si ya kujivunia, na nitayasema hapa hapa ili mtu mwingine asije akayasema kwa niaba yangu. Ninakataa kwa sababu nimefikiri sana na nimeona kwamba fisi hakushindwa na njia. Fisi alishindwa kwa sababu alifika njia panda akiwa bado hajui anakokwenda.

Wengi mnajua kwamba mimi ni Mwadventista Msabato. Kanisa letu lilifika Kenya mwaka 1906, kule Gendia karibu na Kendu Bay, na tangu siku hizo jambo ambalo hata asiyejua lolote juu yetu analijua ni hili la Jumamosi. Sabato yetu huanza jua likichwa Ijumaa na kuisha jua likichwa Jumamosi. Katika saa hizo hatufanyi kazi, hatuuzi, hatununui, na hatushindani. Kuimba kanisani tunaimba sana, hata koo zikauke. Lakini kupanda jukwaani mbele ya waamuzi ili tupewe alama na kikombe, hapana.

Sasa mwezi wa Januari tulipogawiwa sehemu katika mchezo wetu, nilipewa sehemu ya baba mlevi. Jamani, nani asingeitaka sehemu ile? Ndiyo iliyokuwa na maneno mengi, ndiyo iliyokuwa na kicheko, na mwishoni kuna mahali ambapo baba yule anaamka na kukuta watoto wameondoka nyumbani, anaanza kuwaita mmoja mmoja kwa majina. Mwalimu mlezi wa chama alituuliza siku ile ile, "Kuna yeyote mwenye shida yoyote ambayo ningepaswa kuijua sasa?" Watu wawili wakasema mambo ya karo. Mimi nikanyamaza.

Nilikuwa najua. Tamasha la michezo ya kuigiza huchukua siku kadhaa katika kila ngazi, na siku zikiwa kadhaa basi Jumamosi haiko mbali. Nilijiambia labda haitatuangukia. Tukafanya mazoezi Januari yote, kila jioni baada ya saa kumi, wengine wakirudi kwao giza likiwa limeshaingia kwa kuwa hatuna bweni hapa. Ratiba ilipotoka, shule yetu ilikuwa imewekwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nikanyamaza tena siku nne nzima! Niliomba mvua inyeshe, niliomba niugue. Siku ya Jumatano ndipo nilipokwenda ofisi ya walimu.

Mwalimu hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea. Alikaa pembeni mwa meza akaniangalia, kisha akasema, "Ungeniambia Januari." Basi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alijifunza maneno yangu yote kwa siku mbili. Siku ya siku alifika katikati akasahau, akasimama pale kama mlingoti wa bendera, na watu wakacheka mahali ambapo hapakuwa pa kucheka. Hatukuendelea ngazi ya pili. Dada mmoja wa kidato cha nne, ambaye alikuwa mama katika mchezo ule na ambaye kwake ilikuwa nafasi ya mwisho, hakunisemesha mpaka muhula wa pili.

Na mimi nilikuwa wapi saa nne hiyo? Kanisani. Mzee wa kanisa alinisimamisha mbele ya watu wote akasema huyu kijana ni Danieli wa siku hizi, amekataa kikombe cha dunia. Watu wakasema amina. Nilihisi kama nimekalia siafu.

Nilipofika nyumbani nilifungua kitabu cha Danieli ili nione nimefanana naye wapi. Sikufanana naye popote! Danieli alipoletwa katika nyumba ya mfalme wa Babeli hakungoja mpaka chakula kiandaliwe, wageni waketi, ndipo asukume sahani. Alimwendea yule mkubwa aliyewasimamia mapema, akamwomba. Yule akaogopa asije akapoteza kichwa chake kwa mfalme, na Danieli hakumwambia hiyo ni shida yako. Alileta mpango: utujaribu siku kumi, tupe mboga na maji, halafu utuangalie. Yaani alifikiria dini yake na akafikiria pia kichwa cha yule mtu. Mimi nilifikiria dini yangu siku ya Jumatano, na vichwa vya wenzangu sikuvifikiria kabisa.

Hapa ndipo ninapotaka kulisema jambo langu. Msanii mwenye dini, awe mwigizaji, mwimbaji au mcheza ngoma, ana deni la kuitaja mipaka yake kabla ya kupokea sehemu. Akisha kuitaja, ana haki ya kuishika, na sisi wengine hatuna haki ya kumwongezea mipaka mingine ambayo si ya dini yake bali ni ya midomo ya majirani. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, na nitayaeleza yote.

Tuanze na la kwanza. Kuna mwimbaji wa Marekani aliyeitwa Little Richard, ambaye aliimba "Tutti Frutti" mwaka 1955 na kuwa miongoni mwa watu walioanzisha muziki wa roki. Mwezi wa Oktoba 1957 alikuwa katika ziara ya Australia. Wakati huo Warusi walikuwa wamerusha setilaiti ya kwanza, na inasimuliwa kwamba Little Richard aliona mwanga angani akauchukua kuwa ishara kutoka kwa Mungu. Akaacha ziara katikati, akarudi Marekani, akajiunga na Oakwood, chuo cha Waadventista kilichoko Huntsville katika jimbo la Alabama. Akawa anahubiri na kuimba nyimbo za injili. Mwaka 1962 akarudi kwenye roki huko Uingereza. Baadaye, miaka ya sabini, akaacha tena, kisha akarudi tena. Alipofariki mwezi wa Mei 2020 alizikwa Oakwood, pale pale pa kanisa letu.

Mimi simhukumu mzee huyu. Yeye alikuwa na mambo mazito kuliko mchezo wa kidato cha tatu. Lakini nikisoma habari zake ninajiuliza juu ya wale wapiga vyombo waliokuwa naye Australia mwaka ule 1957. Waliamka wakiwa na kazi, wakalala bila kazi. Watu husimulia sana habari za msanii aliyeacha dunia ghafla, na kanisani tunaipenda hadithi ya namna hiyo kuliko zote, lakini huwa hatuulizi nani alilipa nauli ya kurudi.

Sasa mlinganishe na Mahalia Jackson. Mama huyu alizaliwa New Orleans mwaka 1911 na alikwenda Chicago akiwa msichana. Alifanya kazi za nyumbani, alifua nguo za watu, baadaye akafungua saluni. Sauti yake ilikuwa ya ajabu na watu walimwambia wazi kwamba akiimba nyimbo za bluzi atatajirika. Hata mume wake alimsukuma aingie katika muziki wa kidunia kwa sababu nyumbani pesa hazikuwepo. Alikataa tangu mwanzo, wala hakuingia katika bendi ya mtu halafu akatoka usiku. Kila mtu katika Chicago alijua Mahalia haimbi bluzi na haimbi katika vilabu vya pombe, basi aliyemtafuta alimtafuta akijua. Mwaka 1947 alirekodi wimbo wa injili uliouzwa kwa nakala nyingi mno, mwaka 1950 akaimba katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, na tarehe 28 Agosti 1963 aliimba Washington mbele ya watu zaidi ya laki mbili, siku ile Martin Luther King alipotoa hotuba yake ya ndoto.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba ukitaja mipaka yako mapema Mungu atakulipa kwa ukumbi mkubwa. Mahalia alikaa miaka mingi akifua nguo, na kama sauti yake ingekuwa ya kawaida kama yangu pengine angefua mpaka mwisho. Gharama ipo. Mtu akisema "siimbi hiki" atakosa pesa za hiki. Lakini gharama ya namna hiyo anailipa mwenyewe, hampelekei mwanafunzi wa kidato cha pili ailipe jukwaani.

Habari za Mahalia zina upande mwingine ambao unanipeleka kwenye jambo langu la pili. Mnajua ni nani waliompinga mwanzoni? Ni watu wa makanisa! Alikuwa akipiga makofi, akitikisa mwili, akiimba kwa nguvu zote, na makanisa ya watu wenye heshima zao yalisema huo si uimbaji wa nyumba ya Mungu. Yeye ambaye alikuwa ameacha pesa za bluzi kwa ajili ya imani yake alihesabiwa na wengine kuwa ameleta bluzi madhabahuni. Kama angewasikiliza wale tungekosa sauti yake kabisa, na kanisa lingekuwa limejinyima lenyewe.

Kwa hiyo lazima tutenganishe amri na desturi. Amri yangu inahusu Sabato, hiyo sitaigusa. Lakini jioni moja nilikuwa nyuma ya jikoni nikifanya mazoezi ya kulewa, nikipepesuka na kuimba ovyo, na mzee wa kanisa akapita njiani. Alimwambia mama kwamba mtoto anayejifunza kulewa kwa maigizo atalewa kwa chupa. Mama aliogopa sana. Sasa hiyo ni amri ipi? Katika mchezo wetu yule mlevi anapoteza watoto wake wote. Kama hakuna mlevi jukwaani, watazamaji wataona nini, kiti? Hata hadithi ya mwana mpotevu aliyoisimulia Yesu ndani yake kuna kijana mlafi na mwasherati aliyemaliza mali ya baba yake, na yeyote anayeisimulia vizuri itambidi amwonyeshe kijana huyo.

Tena kwa wale wanaosema kuigiza kwenyewe ni dhambi, naomba wasome Ezekieli mlango wa 4. Mungu alimwambia nabii achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzunguke kama jeshi, na aweke kikaango cha chuma kati yake na ule mji kuwa ukuta. Kisha alale kwa ubavu wa kushoto siku 390, na kwa ubavu wa kuume siku 40. Huo ni mchezo wa kuigiza, wapendwa! Una maleba, una vifaa, una mwigizaji mmoja, na umechukua zaidi ya mwaka. Sisi tunalalamika tukifanya mazoezi ya miezi miwili.

Jambo hili si la Wakristo tu. Mwenzangu mmoja Mwislamu anacheza ngoma katika kikundi chetu cha ngoma za kiasili, na mnamjua kwa miguu yake ilivyo myepesi. Maleba yaliyonunuliwa yaliacha mabega wazi. Yeye alisema siku ile ile ya kwanza ya kupima nguo kwamba hatavaa hivyo na kwamba kichwa chake kitafunikwa. Wengine waliguna. Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akaamua wachezaji wote wavae mikono mirefu na leso, na ukweli ni kwamba ngoma ilipendeza zaidi kwa sababu leso zile zilikuwa zikiruka pamoja na mwili. Shida ilikwisha kwa dakika tano, kwa kuwa kitambaa kilikuwa bado hakijakatwa. Lakini baadaye msichana mmoja, Mwislamu mwenzake, akamwambia kwamba hata akijifunika gubigubi, kucheza mbele ya wavulana ni aibu na watu wa mtaani watamsema. Alilia siku ile. Sijui vyema mafundisho ya Uislamu na sitajifanya shehe hapa, lakini niliona tofauti: mpaka wa kwanza aliuweka mwenyewe kwa imani yake, na ule wa pili alirushiwa na mtu mwingine.

Na sisi watazamaji pia tuna makosa yetu. Joseph Kamaru, yule mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwezi wa Oktoba 2018, alitangaza mwaka 1993 kwamba ameokoka na ameacha muziki wake wa zamani. Mashabiki wengi walikasirika kana kwamba wameibiwa. Baadaye aliporudia nyimbo zake za kale, wengine nao wakasema wokovu wake ulikuwa wa uongo. Akienda huku anasemwa, akirudi huku anasemwa. Cat Stevens wa Uingereza, aliyesilimu mwaka 1977 na kuitwa Yusuf Islam, aliweka magitaa yake kando kwa miaka mingi, na alipotoa albamu ya nyimbo kama zile za zamani mwaka 2006 kuna waliomshangilia na kuna waliomlaumu. Mimi naona mtu mzima anaweza kufikiri miaka mingi na kugundua kwamba alichokikataza hakikuwa amri. Hiyo si unafiki. Ni kusoma upya.

Kuna rafiki yangu atakayesoma haya na kusema, kama asemavyo kila siku, kwamba dini uiache nyumbani pamoja na nguo za Sabato, shuleni uje na kipaji tu. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 32, inataja wazi haki ya mtu kushika siku yake ya ibada. Kwa hiyo sitaiacha nyumbani. Ila haki hiyo haikunifundishia mtu mwingine maneno ya baba mlevi. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya.

Halafu kuna wanaosema basi waumini waimbe makanisani tu na jukwaa waachiwe wengine. Hao nawauliza, mkipanda matatu asubuhi mnasikia nini? Mara nyingi ni kwaya. Kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali ni ya Waadventista, inaimba kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, na nimesikia makondakta ambao hawajakanyaga kanisa letu hata siku moja wakiimba pamoja nayo neno kwa neno. Mwezi wa Mei 2011 kwaya ile ilipoteza waimbaji watatu katika ajali ya barabarani wakitoka Tanzania kuimba. Waliobaki waliendelea. Nani atawaambia hao kwamba walichokuwa wakifanya njiani ni mchezo?

Nirudi nyumbani. Dada yule wa kidato cha nne nilimwomba msamaha mwezi wa Mei, karibu na tangi la maji. Aliniambia hakukasirika kwa sababu ya Sabato yangu. Bibi yake mwenyewe ni Msabato, alisema, na anajua jinsi nyumba inavyokuwa kimya Ijumaa jioni. Alikasirika kwa sababu kila siku ya mazoezi tulikuwa tukisimama pamoja jukwaani nikimwita mke wangu, na muda wote huo nilikuwa nikijua. Nilikosa la kumjibu. Mpaka leo sina.

Juma lililopita nilimwendea mwalimu mlezi, ingawa sehemu za mwakani hazijagawiwa na hata mchezo wenyewe haujaandikwa. Nilimwambia kwamba ningependa kuigiza, na kwamba jua likichwa Ijumaa mpaka jua likichwa Jumamosi mimi sipo, iwe ni ngazi ya chini au ni ya taifa. Nikamwambia pia kwamba nimezungumza na mvulana wa kidato cha pili, yule yule, na kwamba tuko tayari kujifunza sehemu moja watu wawili tangu Januari, na kwamba shule ikiwekwa Jumamosi apande yeye nami nisinung'unike. Na kama mwalimu anaona ni hatari sana, anipe kazi ya kushona maleba.

Alinitaka niyaandike yote. Niliandika ukurasa mmoja. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akauliza, "Na mazoezi ya Ijumaa jioni?" Nikamwambia naweza kukaa mpaka saa kumi na moja, kwa maana nyumbani ni mbali na ni lazima nifike kabla ya jua kuchwa. Akatoa kalamu, akaandika pembeni "saa kumi na moja," akaikunja ile karatasi na kuitia ndani ya faili ya chama. Sehemu yenyewe bado sijapewa.